Nyekundu ya Bwana Kiko

Haikupigiwa tarumbeta wala kuandikwa gazetini, lakini Alhamisi moja ya mwaka 1955, saa mbili asubuhi, kwenye veranda ya nyumba moja ya mabati juu ya mji wa Nakuru, kijani kiliteuliwa rasmi kuwa nyekundu. Waliohudhuria sherehe hiyo walikuwa wawili. Wa kwanza ni Bwana Kiko, Mzungu mwendesha garimoshi, ambaye ndiye aliyefanya uteuzi. Wa pili ni Hiram Ngigi, mtumishi wake, ambaye hakuulizwa maoni.

Jina la Bwana Kiko lilikuwa Pratley, ila kiko hakikumtoka mdomoni isipokuwa kwa chakula na wiski, na kwa wiski si mara zote. Memsahib, yaani mkewe, alikwisha kurudi kwao Ulaya miaka mitatu nyuma, akiwa amechoka na moshi au na mwenye moshi. Siku ambazo hakuwa zamu, Bwana Kiko alikaa verandani akiunda injini ndogo za bati na shaba, ndefu kama mkono toka kiwiko hadi vidole, zenye magurudumu, bomba na kila msumari wa injini yenyewe. Wariara, mke wa Hiram, hakuwahi kulielewa jambo hilo. Alisema mtu anayeendesha garimoshi wiki nzima kisha akaja nyumbani kucheza garimoshi ni sawa na mpishi anayepumzika kwa kupika.

"Hii nyekundu," alisema Bwana Kiko, akiweka mezani kopo la rangi lisilo na karatasi. "Wewe paka injini. Mimi nataka sawasawa na tenda. Jumapili wageni nakuja."

Injini ilikuwa imeanguka kutoka rafuni ikabonyea ubavu. Bwana alikuwa ameinyoosha na kuikwangua mpaka bati likabaki uchi. Tenda, yaani kile kigari cha nyuma kinachobeba maji na mafuta ya injini, haikuumia, na ilibaki na rangi yake ya zamani, nyekundu iliyoiva ambayo watu huiita damu ya mzee. Kazi ya Hiram ilikuwa kulinganisha mpya na kuukuu mpaka jicho lisijue moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Na kwa kazi hiyo hakukuwa na mtu kama yeye kati ya Bahati na Gilgil. Kabla ya kuvaa kanzu ya boi alikuwa akiandika vibao vya maduka ya Wahindi. Alijua kwamba rangi mbichi ni mwongo, kwa kuwa ikikauka huwa nzito zaidi. Kwa hiyo hakuiamini mpaka apake kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba, angoje ukauke, alipe jua mgongo, kisha aulaze ukucha juu ya rangi ya zamani. Ukucha ukipotea, rangi imepatikana.

Alifungua kopo kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kijani. Hakikuwa kijani cha kubahatisha, kile ambacho watu wawili wenye heshima zao wanaweza kukibishania. Kilikuwa kijani cha majani ya kahawa.

"Bwana," alisema Hiram.

"Nini?"

Hiram alitazama kopo, akatazama tenda, akatazama uso wa Bwana Kiko. Usoni hamkuwa na kitu ila moshi.

"Ni nzito kidogo, bwana."

"Ongeza tapentaini," alisema Bwana Kiko, akaingia ndani.

 

Msomaji atakayesema kwamba Hiram alikuwa mwoga hakuwapo Nakuru miaka ile. Wiki tatu kabla ya siku hiyo Hiram alikuwa amepelekwa kuchujwa, yaani kuhojiwa na serikali ili wapatikane wanaowasaidia waasi wa msituni. Alikaa siku mbili nyuma ya waya pamoja na Wakikuyu wengine mia moja na zaidi, wakipitishwa mmoja mmoja mbele ya meza. Mezani palikuwa na afisa kijana mwenye madoa ya jua puani, na mbele ya afisa palikuwa na jiwe.

"Hili ni yai," afisa alimwambia kila aliyefika. "Ni nini?"

Waliosema ni jiwe walipelekwa upande wa kushoto, kwa ukaidi. Baadhi ya waliosema ni yai waliulizwa kwa nini wanasema uongo, wakapelekwa kushoto vilevile. Hiram alisema, "Ni yai, bwana, ikiwa bwana amesema," na kwa sababu ambayo hakuijua hadi leo, akarudishwa nyumbani.

Kwa hiyo alipokaa jikoni kwake mchana ule, katika chumba kimoja cha mawe nyuma ya nyumba ya Bwana, aliliweka kopo chini akamwambia mkewe kwamba jiwe limekuja tena, safari hii likiwa la majimaji.

Wariara aliinama akatazama. Hakuwa mwanamke wa kushtuka ovyo. Dada yake alikuwa ametolewa shamba la Dundori asubuhi moja na viazi vikiwa bado ardhini, akapakiwa lorini na watoto na sufuria moja, na tangu hapo Wariara alikuwa akihesabu kila mwisho wa mwezi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Pasi ya Hiram, kibali chake cha kukaa mjini, ilitakiwa kutiwa sahihi na tajiri wake kila mwezi. Mwezi ulikuwa unaisha Jumanne. Bila sahihi, Mkikuyu hakuwa na haki ya kukaa Nakuru hata usiku mmoja, awe amezaliwa hapo au la.

"Labda amekosea kopo," alisema Wariara.

"Alilitazama. Alilishika mkononi akalitazama."

"Basi anakujaribu."

"Ndivyo ninavyosema."

"Baba Wachuka, nisikilize. Kama Bwana amesema ni nyekundu, basi mpaka Jumanne hata damu yako ni kijani. Paka."

Wachuka, binti yao wa miaka mitano, alikuwa amefundishwa rangi na baba yake kwa ukucha, kama watoto wengine wanavyofundishwa kuhesabu kwa vidole. Alikishika kidole gumba cha Hiram, akakigeuza kwenye mwanga, akatoa hukumu.

"Majani," alisema.

Mama yake alimwambia anyamaze, naye hakuelewa kosa lake.

Jioni hiyo alikuja Owino kula ugali, kama alivyozoea akiwa hayuko zamu. Owino alikuwa fayamani, mtu wa kuangalia moto wa injini, na kwa miaka minne alikuwa akisafiri na Bwana Kiko, kama chanda na pete. Hiram alimuuliza, kwa mzunguko mrefu, kama Bwana Kiko ana tabia ya kuwafanyia watu mzaha. Owino alisema mzaha wa mwisho wa Bwana Kiko, kwa walivyosimulia wazee wa reli, ulikuwa kabla ya vita vya Hitila. Ndipo Hiram akamweleza habari ya kopo.

Owino aliacha kutafuna.

"Alisema ni nyekundu?"

"Kwa mdomo wake."

"Alikuwa amekunywa?"

"Saa mbili asubuhi?"

Owino aliisukuma sahani kando. "Paka, omera, ndugu yangu," alisema mwishowe. "Wewe kazi yako ni brashi. Usiulize." Kisha akanawa mikono, akaenda zake akiacha nusu ya ugali na kipande kizima cha samaki, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika historia ya Owino.

 

Hiram alipaka Ijumaa. Kwa kuwa hakuweza kulinganisha rangi yenyewe, aliamua kulinganisha kila kitu kingine, maana fundi hata akiamrishwa kufanya upuuzi huufanya kwa ufundi. Alikunja macho mpaka dunia ikawa kivuli, akaona kwamba kijani kile ni cheupe kuliko tenda. Akaongeza tone la nyeusi. Akapaka ukucha, akangoja, akakunja macho tena. Akaongeza tone la pili. Alifanya hivyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na mwishowe vitu viwili vile vilikuwa na uzito mmoja, mng'ao mmoja, giza moja. Mtu akifumba macho nusu, injini na tenda vilikuwa mama mmoja na baba mmoja. Akiyafumbua, kimoja kilikuwa kijani na kingine chekundu.

Jumamosi alasiri Bwana Kiko alirudi kutoka safari, akanawa, akaiunga injini na tenda, akavibeba viwili hadi ukingo wa veranda palipokuwa na jua. Hiram alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akingoja. Alijua mtihani una sehemu mbili. Kwanza mtu anajaribiwa, kisha anaambiwa kwamba alikuwa anajaribiwa, na Wazungu wanacheka.

Bwana Kiko alipitisha kidole gumba pale injini inapokutana na tenda. Alikipitisha mara ya pili. Akageuka, na macho yake yalikuwa na machozi kidogo, au pengine ni moshi.

"Sawasawa kabisa," alisema. "Kama kopo moja. Ngigi, wewe fundi."

Akampa tumbaku. Hiram havuti, lakini aliipokea kwa mikono miwili, akangoja kicheko. Kicheko hakikuja. Bwana Kiko aliipeleka injini rafuni, kwenye injini nyingine saba, na kwa mara ya kwanza Hiram aliitazama rafu ile kwa jicho la fundi na si la mpangusa vumbi. Injini tano za mwanzo, zenye tarehe za zamani chini ya tumbo, zilikuwa na rangi safi zisizo na dosari. Ya sita ilikuwa na mistari ya kahawia mahali pa nyekundu. Ya saba ilikuwa na bafa za kijani, zile pembe za mbele ambazo kwenye kila injini duniani ni nyekundu. Siku zote alidhani ni mtindo mpya wa Ulaya.

Kopo lile halikuwa jiwe la afisa, na wala hapakuwa na mtihani wowote. Mtu yule alikuwa haoni rangi.

Alikuwa na nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu mwingine. Bwana Kiko alikuwa ameipakata injini kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, akiimba puani.

"Bwana."

"Nini?"

"Chakula cha jioni ni saa ngapi?"

"Saa moja. Kama siku zote."

"Ndiyo, bwana," alisema Hiram.

 

Wageni wa Jumapili walikuwa watatu: mkulima mmoja wa Dundori mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, afisa wa polisi wa akiba aliyevaa bastola hata mezani, na daktari mzee mpole, ambaye mwezi uliofuata alikuwa ampime Bwana Kiko macho na afya kwa ajili ya miaka miwili iliyobaki kabla ya pensheni. Hiram alijua hayo kwa sababu Wazungu huzungumza mbele ya mtumishi kama watu wanavyozungumza mbele ya kabati. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kubeba trei ya chai. Kiingereza alikisikia vizuri, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Bwana Kiko aliileta injini yeye mwenyewe, akaiweka katikati ya meza, kati ya keki na sukari. Akavuta kitambaa kilichoifunika.

Mkulima wa Dundori alicheka mpaka akamwaga chai. Aliuliza kama ni Krismasi. Aliuliza kama ni chura anayevuta ini. Afisa naye alicheka. Bwana Kiko alicheka pia, akiwa nyuma yao kidogo, kama mtu anayecheka mzaha wa lugha asiyoijua. Halafu akaacha.

Daktari hakucheka. Hakuwa hata akiitazama injini. Aliweka kikombe chini polepole, akamtazama Bwana Kiko machoni, si kama rafiki, bali kama daktari.

"Pratley," aliuliza kwa upole, "ulikusudia iwe rangi gani?"

Hapo Hiram aliona kitu ambacho hakuwahi kutarajia kukiona Nakuru, uso wa Mzungu ulioogopa. Aliujua vizuri uso huo. Aliuona kwenye foleni nyuma ya waya, kwa watu mia moja na zaidi.

Bwana Kiko aligeuka. "Ngigi. Mimi napa wewe rangi gani?"

Meza yote ikamtazama kabati.

Mambo mengi yanaweza kupita katika kichwa cha mtu aliyebeba trei. Hiram aliona kwamba akisema kijani, Bwana Kiko hataendesha tena hata toroli, na mtu asiye na kazi hatii sahihi pasi ya mtu. Akisema nyekundu, kosa litakuwa lake, lakini Bwana atakuwa na deni kwake, na Jumanne iko karibu. Ilionekana hesabu rahisi. Kosa la Hiram lilikuwa kudhani kwamba mtu uliyemfichia aibu hukupenda kwa sababu hiyo.

"Nyekundu, bwana," alisema. "Bwana alinipa nyekundu. Ni mimi niliyekosea."

Pumzi zikarudi mezani. Mkulima alisema ndivyo walivyo, wote. Afisa sasa hakuona tena kwamba ni jambo la kuchekesha. Alisema hakuna mtu anayekosea kijani kwa nyekundu, kwamba jambo hilo limefanywa makusudi ili kumwaibisha mzee wa watu mbele ya wageni, kwamba leo ni injini ya mchezo na kesho ni sumu katika supu. Alimwambia Hiram aiweke trei chini, akampekua palepale, kanzu na yote, mbele ya keki. Alipata tumbaku.

"Wizi pia," alisema.

Bwana Kiko aliitambua tumbaku yake. Akafungua kinywa. Akatazama upande wa daktari, akakifunga.

 

Jumatatu asubuhi Bwana Kiko alimwita verandani. Hakuwa amenyoa. Alisema afisa alitaka kumpeleka Hiram kizuizini, naye amesema hapana, mtu huyu si mbaya, arudi tu kwao rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Alisema jambo hilo kama mtu anayetoa zawadi.

Hiram aliitoa pasi mfukoni akaiweka mezani, imefunguliwa kwenye ukurasa wa mwezi.

"Bwana," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuinamisha macho. "Mimi na bwana tunajua kopo lilikuwa na nini."

Kiko kilikuwa kimezimika. Bwana Kiko alikigongagonga mezani ingawa hamkuwa na majivu.

"Daktari nauliza mimi," alisema. "Jana, akienda. Nauliza, 'Huyu boi bado nakaa kwako?' Wewe nafahamu? Kama wewe nakaa, yeye najua kwa nini."

Hiram alifahamu. Uongo alioutoa ulikuwa nyumba ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kulala ndani yake. Ili usimame, lazima aondoke.

"Miaka miwili tu," alisema Bwana Kiko. "Halafu pensheni." Alisema kwa sauti ndogo, si ya kumwambia Hiram.

Akaandika karatasi, akaikunja ndani ya pasi. Hiram aliisoma akiwa nyuma ya jiko. Ilisema kwamba Hiram Ngigi ni mnyamavu na msafi, lakini hajui kutofautisha nyekundu na kijani, wala asiaminiwe kwa kazi yoyote ya rangi. Aliisoma mara mbili. Mtu anaweza kupokonywa nyumba, na Hiram alikuwa amejiandaa kwa hilo. Hakuwa amejiandaa kupokonywa macho.

"Jumatano wewe napanda garimoshi ya asubuhi," Bwana Kiko alikuwa amemwambia alipokuwa akiondoka, na hapo uso wake ulikuwa umechangamka kidogo, kwa kupata neno jema la kusema. "Mimi mwenyewe nendesha. Mimi nachukua nyinyi pole pole."

Wariara hakulia. Alifua kanzu, akaipiga pasi, akairudisha, kwa kuwa ilikuwa mali ya Bwana. Kuku wawili aliambiwa awaache, maana askari walisema kuku hawana karatasi ya kusafiria. Alichinja mmoja. Wa pili alimwachia mtumishi mpya aliyeletwa jioni hiyo, mtoto wa mzee Kiprugut, mpishi wa jirani, ambaye alisimama mlangoni akiwa ameshika blanketi lake, akiona aibu kuingia na akiona aibu kutoingia.

 

Jumanne alasiri Owino alikuja na mkate na sukari. Aliviweka chini, akakaa juu ya sanduku lililokwisha kufungwa kamba. Kwa muda mrefu alimsifu Wachuka jinsi alivyokua.

"Ulijua," alimwambia Hiram mwishowe.

Aliyejua alikuwa yeye mwenyewe, si Hiram; neno lilikuwa limemtoka kinyume, akalirekebisha.

"Nilijua," alisema Owino. "Mimi ndiye macho yake. Mwaka wa nne sasa. Nguzo za ishara hazimsumbui, mkono wa nguzo ukiinama anauona hata bila rangi. Bendera ndizo zinazomshinda. Genge la vibarua likitengeneza reli, mtu anasimama na bendera. Mimi namwambia, 'Kijani, bwana,' 'Nyekundu, bwana,' kana kwamba naimba. Hatujawahi kulizungumza. Daktari mmoja Mhindi alimwambia ni kiko na chupa vinavyokula macho. Nilimsikia Bwana akimwambia memsahib, kabla hajarudi kwao."

"Na Alhamisi ulikaa ukala ugali wangu."

"Nikisema, yeye anakwenda nyumbani kwao Ulaya. Mimi nakwenda wapi? Fayamani wa dereva aliyefukuzwa. Nina watoto watano, Ngigi."

Wariara, aliyekuwa akikunja nguo, alimuuliza bila kugeuka kama hao watano wanapenda mkate, ili auchukue awapelekee. Owino alipokea kofi hilo, akausogeza mkate karibu na Wachuka.

"Sikiliza," alisema. "Sikuja kwa hayo. Kesho sipo. Jana aliomba abadilishiwe fayamani. Mimi nimewekwa kupanga mabehewa pale stesheni. Tangu Jumapili hawezi kumtazama mtu anayejua. Amepewa kijana anaitwa Wasike, katoka Eldoret juzi, mtu wa kuogopa hata kukohoa."

"Umemwambia huyo Wasike?"

"Nimwambie nini? Kwamba Mzungu wake haoni? Angemkimbilia msimamizi na mimi ningekuwa mahali pako."

Hiram alisema pengine kesho hakuna genge njiani. Owino alisema pengine. Kisha akainuka kwenye sanduku, akaaga.

 

Garimoshi liliondoka saa tatu. Behewa lao lilikuwa la mwisho kabla ya lile la gadi, mtu wa breki za nyuma, lenye mabenchi ya mbao, limejaa Wakikuyu, masufuria na watoto, pamoja na askari mmoja mwenye bunduki aliyekaa mlangoni. Kabla ya kuondoka Bwana Kiko alipita jukwaani na chupa yake ya chai. Alipofika dirishani pa Hiram aligusa kofia, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

Wachuka hakuwa amepanda garimoshi maishani mwake. Alisimama juu ya benchi akataja kila alichoona. Mabati mekundu. Ng'ombe mweusi. Ziwa la waridi, kwa sababu ya ndege. Baba yake alimjibu kila mara kwamba amepata, na watu wa karibu walianza kutabasamu, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kutabasamia.

Kabla ya Elmenteita reli hujikunja, na mtu wa behewa la nyuma akitoa kichwa dirishani huiona injini mbele kama kichwa cha nyoka kinachomgeukia mkia wake. Hiram aliiona. Mbele ya injini, mbali kidogo, aliona lundo la mbao, watu wameinamia reli, na kabla yao mtu mmoja amesimama kando ya njia, amenyoosha mkono. Hakuwa akipunga. Alikuwa ameishika bendera imetulia, kama wanavyofundishwa.

Ilikuwa damu ya mzee. Angeweza kuilaza kwenye ukucha wake.

Injini ilipiga honi mbili fupi, za mtu anayeshukuru kwa kupewa njia.

Hiram aliruka mabenchi hadi mlangoni. Alimwambia askari kwamba mbele kuna bendera nyekundu, amwambie gadi afunge breki, sasa hivi. Alisema kwa Kiswahili, kisha akasema kwa Kiingereza. Askari alimsukuma kwa kitako cha bunduki, akamwambia hakuna mtu kusogelea mlango.

"Ni nyekundu," alisema Hiram. "Dereva haoni. Toa kichwa utazame mwenyewe."

Askari hakutoa kichwa, maana alikuwa ameonywa kwamba watu hawa hutumia hila ili waruke. Lakini jina alilikumbuka, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa amezikagua pasi zote, na karatasi moja ilimchekesha.

"Wewe ni Ngigi," alisema. "Wewe ndiye yule ambaye hajui rangi. Imeandikwa." Akawageukia wengine ili nao wafurahi. "Huyu Bwana wake ameandika, hajui nyekundu na kijani."

Wawili watatu walicheka, kwa kuogopa bunduki. Hiram alirudi mahali pake. Magurudumu yaliendelea na wimbo wao uleule, bila kukosa hata pigo moja.

Wariara alikuwa amesimama. Alimtazama mumewe usoni, akatazama kidole chake gumba, ambacho bado kilikuwa na alama ya kijani pembeni mwa ukucha.

"Ni nyekundu?" aliuliza.

"Nyekundu."

Hakuuliza mara ya pili. Alimkumbatia Wachuka, akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye benchi na kukaza miguu kwenye benchi la mbele, akamvuta mumewe kwa mkono akae naye. Kwa siku saba hakuna mtu aliyekuwa amemwamini Hiram juu ya rangi, na huyu alimwamini kwa neno moja.

Kabla hajakaa, kupitia dirishani, huku garimoshi halijapunguza mwendo hata kidogo, Hiram alimwona yule mtu wa reli akiitupa bendera na kukimbia.